Wanaotuambia Wanubi ni mchanganyiko tu, waende wakawaone Wabetawi

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Bombo. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua barua yangu ni ndefu lakini tafadhali usiikate sana, nimekaa nayo moyoni tangu nirudi safari na kila nikikaa kuiandika wateja wanaingia dukani naiacha. Leo nimefunga mapema.

Mimi nauza mitandio, kanzu na saruni. Duka liko Kampala, nyumbani ni Bombo, na mimi ni Mnubi kwa baba na kwa mama, wale wazawa wa askari walioletwa Uganda kutoka Sudan. Mwezi wa 6 nilikwenda Jakarta, Indonesia, kufuata mzigo kwenye soko la Tanah Abang, soko la nguo kubwa kabisa, ghorofa juu ya ghorofa, mitandio inauzwa kwa dazeni na ukiingia asubuhi unatoka jioni hujamaliza hata upande mmoja. Nilipanga siku 5 tu. Lakini fundi aliyekuwa anashona kanzu zangu akachelewesha, leo kesho leo kesho, mwisho nikakaa siku 16, na hizo siku 11 za ziada ndizo zimenifanya niandike hii barua.

Kuna mama mmoja ndo alikuwa ananiuzia mitandio, mkubwa kwangu kidogo, kila mtu pale alimwita Mpok nami nikamwita hivo hivo, maana yake dada mkubwa. Tulielewana kwa Kiarabu changu cha madrasa, Kiingereza chake cha kuungaunga, na simu ya kutafsiri pale tulipokwama. Siku ya pili nikamuuliza, wewe dada ni Mjava? Mimi nilidhani Jakarta kila mtu ni Mjava. Akaweka kalamu chini akajigonga kifua akasema, hapana, mimi Betawi, mimi mwenyeji wa hapa.

Nikamuuliza Betawi ni nini. Akanieleza huku anahesabu mitandio, na baadaye nikasoma zaidi usiku hotelini mpaka simu ikaisha moto. Jina lenyewe linatoka kwa Batavia, jina ambalo Waholanzi waliupa huo mji. Mwaka 1619 kampuni yao ya biashara, VOC, iliuteka mji wa Jayakarta, ikauchoma, ikajenga mji wake juu ya majivu. Alafu wakahitaji watu wa kufanya kazi, wakaleta watumwa na askari na vibarua kutoka Bali, Sulawesi, Ambon na kwingineko, na Wachina wakaja kufanya biashara, Waarabu wa Hadhramaut wakaja, kulikuwa na watu waliokuwa zamani watumwa wa Wareno, na Wasunda na Wajava na Wamalei wa karibu nao wapo. Wote hao wakakaa mji mmoja, wakaoana, watoto wakacheza pamoja, lugha ikawa moja, chakula kikawa kimoja. Vizazi vikapita. Mwaka 1923 Mohammad Husni Thamrin na wenzake wakaanzisha chama kinaitwa Kaum Betawi, na sensa ya Waholanzi ya 1930 ikawaandika kama kabila linalojitegemea. Kwa sensa ya Indonesia ya 2010 walikuwa kama milioni 6.8.

Mhariri, nilipofika hapo nililia. Wallahi sisemi uongo, nilikaa kitandani nikalia.

Nakwambia kwa nini. Mimi nimekua nikiambiwa Wanubi sio kabila. Shule ya msingi mwalimu aliuliza kila mtoto aseme kabila lake, mimi nikasema Mnubi, akaniambia mbele ya darasa kwamba hilo sio kabila, ni mabaki ya askari. Nilikuwa na miaka 9. Miaka mingi baadae nimeenda kwenye ofisi moja kufuatilia karatasi za mwanangu, afisa akatazama jina akaniuliza nyinyi si mlitoka Sudan, kwa nini msiende huko. Babu yangu amezikwa Bombo, baba wa babu yangu amezikwa Bombo. Na Katiba ya 1995 imetuandika kabisa kwenye orodha ya jamii za asili za Uganda, jina Nubi lipo, mtu yeyote afungue asome. Lakini karatasi ni kitu kimoja na mdomo wa watu ni kitu kingine, na mdomo unakwambia kila siku nyinyi mchanganyiko tu.

Na ni kweli tumechanganyika. Kwa wasomaji ambao hawajui, wazee wetu walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana aliyewekwa na Misri kule kusini mwa Sudan, watu wa makabila mengi, Wakakwa, Wamundu, Wabari, Wamoru na wengine, Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan, alipofunga njia ya Khartoum wakabaki huku, alafu 1891 Kapteni Lugard, Mwingereza, akaja kuwachukua karibu na Ziwa Albert wakiwa chini ya kamanda wao Selim Bey, akawaleta kuwa jeshi lake hapa Uganda. Wakakaa kambini, wakaoa, Kiarabu cha kambini kikageuka Kinubi, lugha ya mama. Kwa hiyo unaona, hadithi ni ile ile. Mkoloni anakusanya watu kwa faida yake, anawatumia, anaondoka, na wale watu wanabaki wameshakuwa ndugu.

Tofauti ni kwamba Mpok akiulizwa anajigonga kifua, na mimi nikiulizwa huwa naangalia chini.

Siku moja nikiwa dukani kwake akaja mzee mmoja wakaanza kupiga soga, nikasikia mzee anasema "ane" na "ente". Nikashtuka. Sisi kwa Kinubi mimi ni ana, wewe ni ita. Nikamuuliza Mpok hayo maneno ya wapi, akasema ya Waarabu, wazee wa Kibetawi hasa wale wa mtaa wa dini wanayatumia, vijana wao wanasema "gue" na "lu" ambayo yametoka kwa Wachina. Yaani kusema mimi na wewe tu tayari umegusa Uarabuni na China! Babu wanamwita engkong, hilo nalo la Wachina, na pesa sokoni wanahesabu kwa maneno ya Kichina, ukisikia gocap ujue 50. Alafu maneno yao mengi yanayoishia na a wao wanayamaliza na e, apa inakuwa ape, basi ukikaa siku tatu sokoni unaanza kutambua nani Mbetawi na nani mgeni kwa sikio tu.

Na Kiindonesia chenyewe Mhariri, mtu wa Kiswahili hapotei kabisa. Meja ni meza, bendera ni bendera, kabar ni habari, waktu ni wakati, sabun ni sabuni, dunia ni dunia. Mreno alipita kwao na kwetu, Mwarabu alipita kwao na kwetu. Niliandika maneno kama hayo nyuma ya daftari la hesabu mpaka nikajaza kurasa mbili.

Sasa harusi. Mpok alikuwa na mtoto wa ndugu yake anaolewa mtaa wa Condet, mashariki ya Jakarta, akaniambia Jumapili usiende popote, unakuja na mimi. Nikavaa gurbaba yangu, vazi la kujifunga la wanawake wa Kinubi, nilikuwa nayo kwenye begi, sijui hata kwa nini niliibeba. Wanawake wakaizunguka wakaishika wakaniuliza inafungwaje, nikawaonyesha.

Tumekaa nyumbani kwa bibi harusi tunasubiri. Kwanza tukasikia fataki, pa pa pa pa, alafu matari, alafu sauti za wanaume wanamswalia Mtume, ndo msafara wa bwana harusi unakuja na mtaa mzima umetoka nje. Wamefika mlangoni, mimi nikadhani wataingia. Hawaingii! Kuna wanaume wamesimama wamefunga njia, mmoja mbele yao kavaa nguo nyeusi pana na saruni imetupwa begani, kasimama miguu imeachana kama mti. Hii wanaita palang pintu, yaani komeo la mlango. Upande wa bwana harusi nao una mtu wake. Wakaanza kurushiana mashairi. Huyu anatoa, yule anajibu, watu wanacheka mpaka wanashikana mikono, na kila aliyepatikana anatafuta jibu kali zaidi.

Mashairi hayo ni pantun, mistari 4, mstari wa 1 unafungana na wa 3, wa 2 na wa 4, na mistari miwili ya kwanza inakuwa ya mapambo tu, inataja matunda sijui mto sijui kwenda sokoni, ujumbe wenyewe unakuja mwishoni. Mtu wa Kiswahili aliyezoea vina anaelewa utamu wake hapo hapo hata kama haelewi maneno. Usiku nikajaribu kutunga moja ya kwetu, naomba uichape:

Nilipita Luweero kununua nanasi,
Mvua ya saa nane ikanipata njiani,
Ewe bwana harusi punguza kasi,
Huingii hivi hivi humu nyumbani.

Baada ya maneno wakapigana. Ndiyo, silat, mchezo wao wa mapigano, mateke na mikono kweli kweli, vumbi limetimka, watoto wamepanda juu ya ukuta, na mtu wa upande wa bwana harusi lazima amshinde yule mlinzi wa mlango. Alafu likaja sharti la mwisho, mtu wa upande wao akasoma kisomo kwa sauti. Kelele zote zikazimika. Wale wale waliokuwa wanacheka na kupiga mbinja wakainamisha vichwa. Hapo ndo mlango ukafunguka. Mpok akaniambia maana yake ni kwamba mwanaume anayetaka kuoa aonyeshe ana ulimi, ana nguvu za kumlinda mke, na ana dini.

Nikawaza kwanjula ya Baganda wetu hapa, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, namna wasemaji wa pande mbili wanavyobishana na wageni wanachelewa kuingia mpaka wajibu vizuri. Mtu wa Masaka angekaa kwenye ile harusi ya Condet asingehitaji kuelezwa kitu.

Lakini kitu ambacho sitakisahau ni mavazi. Bwana harusi kavaa joho refu na kilemba kama mtu wa Makka. Bibi harusi alipotoka, usoni ana pazia la shanga zinaning'inia kutoka kwenye taji, mtindo wa bibi harusi wa Kichina kabisa, nyekundu na dhahabu, kichwa kimejaa vipini vinavyotikisika akitembea. Wamekaa pamoja, Mwarabu na Mchina, na hakuna mtu pale aliyeona Mwarabu wala Mchina. Waliona Wabetawi wawili. Nilimuuliza Mpok, hamuoni haya kwamba nguo ni za watu? Akaniangalia kama hajaelewa swali. Akajibu, bibi yangu alivaa hii, zitakuwaje za watu?

Hilo jibu nimetembea nalo mpaka Entebbe. Maana hata gomesi, vazi ambalo mama wa Kiganda anajivunia nalo, jina lake ni la fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, na leo nani atamwambia mama wa Kiganda kwamba gomesi sio yake?

Bwana harusi alileta pia mikate miwili ya umbo la mamba, roti buaya, mmoja mkubwa kama mkono wangu kutoka bega mpaka vidole, na macho na magamba na mkia. Mimi mamba ninayemjua ni yule anayekula watu ziwani, nikauliza mamba kwenye harusi kweli? Wao wanaamini mamba anachukua mwenzi mmoja tu maisha yake yote, basi ni ahadi ya uaminifu. Zamani haukuliwa, ulikuwa unawekwa mpaka ugande, siku hizi unakatwa na wale ambao hawajaolewa wanapewa kipande wapate bahati. Jioni wakapiga gambang kromong, kuna zeze la Kichina linalia pamoja na vigongo vya shaba vya Kijava, na wazee waliinuka kucheza.

Chakula sitaki kukaa nacho sana kwa sababu nitajaza gazeti. Nasi uduk ni wali wa nazi, mtu wa pwani atakula akidhani yuko kwao. Bir pletok ilinitisha jina, nikakataa mara mbili, kumbe hamna pombe hata tone, ni tangawizi na mchaichai na mdalasini imepikwa na mti fulani unaoitwa secang unaoifanya nyekundu, na wanasema Waislamu wa hapo waliitengeneza wakati Waholanzi wanakunywa vileo vyao, nao wapate kinywaji chao cha heshima. Lakini kerak telor lazima nieleze.

Mji wa Jakarta unasherehekea siku yake tarehe 22 mwezi wa 6, kwa kukumbuka mwaka 1527, na wakati huo kuna maonyesho makubwa Kemayoran, ndo utakuta wauzaji wa kerak telor wamejipanga. Mzee mmoja amekaa kwenye kigoda, mbele yake sigiri ya makaa, pembeni mayai ya bata na ya kuku, anakuuliza unataka lipi. Nikachagua la bata. Akachota mchele wa kunata uliolowekwa, akauweka kwenye karai dogo, hakuna mafuta, akafunika kidogo. Akavunja yai, akatia kamba wakavu waliosagwa, nazi iliyokaangwa mpaka ikawa kahawia, vitunguu vya kukaanga, chumvi na pilipili, akakoroga haraka haraka akaitandaza. Mimi nasubiri ageuze chapati. Yeye akageuza karai! Akalipindua lote juu ya makaa, uso chini, na kile chakula hakikuanguka kwa sababu mchele umeshika. Anapepea na kipepeo cha kusukwa, moshi unatoka pembeni, harufu ya nazi inayoungua kidogo... akainua, akachungulia, akarudisha tena. Kilipotoka juu kimeungua vizuri na chini ni ukoko. Nikala nimesimama. Nilikumbuka vijana wetu wa rolex, chapati ya kuviringishwa na yai, pale Wandegeya Kampala, yai na sigiri na mikono isiyotulia, na nikafikiri namna sisi pia tuna watu hodari barabarani.

Usije ukadhani kila kitu kwao ni furaha tu. Kuna ondel-ondel, yale masanamu makubwa, urefu kama mita 2 na nusu, ndani ni mianzi na mtu mmoja anayabeba anatembea anayumba, la kiume lina uso mwekundu na la kike mweupe, kichwani wamechomekwa maua ya nazi ya karatasi za rangi. Zamani yalizungushwa kijijini kufukuza mashetani na magonjwa. Leo utayakuta yamesimama kwenye milango ya mahoteli yamependeza. Lakini usiku mmoja karibu na hoteli yangu nimeliona moja barabarani katikati ya magari, spika imefungwa kwenye mkokoteni, mtoto anapita na ndoo anaomba pesa. Likasimama kupumzika, aliyekuwa ndani akatoka. Kijana wa kama miaka 14, fulana imeloa jasho kama ametoka mtoni, akakaa ukingoni mwa barabara akanywa maji. Nilimpa noti ya rupia 2,000. Wabetawi wengi wanaumia na hilo, wanasema mlinzi wa kijiji amefanywa ombaomba, na serikali ya jiji imejaribu kukataza. Mpok alisema kukataza ni rahisi, kazi ni kumpa yule kijana jukwaa na mshahara. Nakubaliana naye asilimia mia.

Na hiyo noti ya 2,000 Mhariri, kabla sijaitoa niliiangalia, sura iliyochapwa ni ya huyo huyo Thamrin wa Kaum Betawi. Babu yake mzaa baba alikuwa Mwingereza, bibi yake Mbetawi. Mchanganyiko! Na yuko kwenye pesa ya nchi, na barabara kuu ya katikati ya Jakarta ina jina lake.

Sasa nifike kwa jambo lililonifanya nichukue kalamu. Ile Condet ya harusi, miaka ya 1970 serikali ya jiji iliitangaza kuwa eneo la kuhifadhi Ubetawi, mashamba ya matunda, salak na duku, nyumba za asili. Ikabaki kwenye karatasi. Mji ukapanuka, viwanja vikawa pesa, watu wakauza kimoja kimoja, siku ya harusi ile nilitafuta mti wa salak sikuuona, niliona maduka na gereji. Hawakukata tamaa, wakajaribu tena kusini ya jiji, Setu Babakan, pembeni ya ziwa dogo. Nilikwenda Jumamosi, unapanda treni ya kwenda Bogor unashuka Lenteng Agung alafu boda wao wanaita ojek. Kuna nyumba za mbao zenye ukumbi wazi mbele na pindo la paa limechongwa meno meno, kuna jumba la makumbusho, kuna jukwaa la ngoma, watoto wa mtaa wanafundishwa silat na kucheza, na kina mama wanauza vyakula vyao. Watu wanaishi pale, sio sanamu. Alafu 2015 jiji likatunga sheria ya kuhifadhi utamaduni wa Betawi, na 2017 gavana akatoa kanuni inayotaja vitu 8 kwa majina, ondel-ondel, maua ya nazi, yale meno ya paa, shati la wanaume la sadariah, kebaya ya kutariziwa, yaani blauzi ya wanawake, batiki ya Betawi, kerak telor na bir pletok. Vitu 8! Mtu wa kerak telor na sigiri yake yumo kwenye kanuni ya gavana.

Mimi nauliza Bombo tuna nini kimeandikwa hivo. Bombo iko kilomita kama 35 tu kutoka Kampala, barabara ya Gulu, viwanja vinauzwa kila wiki kama ilivyokuwa Condet. Wazee wanaojua nyimbo za doluka, ngoma yetu, zote na maana zake wanapungua. Kisra, mkate wetu mwembamba, wasichana wetu wengi hawajui kumimina, ni wepesi mno unataka mkono ulioanza mapema. Kinubi watoto wa mjini wanakisikia kwa bibi siku ya Idi. Na tabaga, Mhariri, zile sinia na mifuniko ya ukindu wa rangi ambazo mama zetu wanasuka, watalii wananunua barabarani bila kujua ni za nani, na anayeuza hawaambii kwa sababu na yeye hajui.

Naomba wazee wetu wa Bombo, Arua, Entebbe, Jinja na kote tulipo wakae kikao kimoja wachague vitu vyetu kwa majina, hata kama ni 5 tu, wavipeleke Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ambayo ndo inashughulika na utamaduni. Naomba kiwanja kimoja Bombo, kimoja tu, kisiuzwe, kijengwe pahala pa kina mama kusuka na watoto kucheza doluka Jumamosi. Na naomba walimu, sasa hivi kwa sababu baraza la mawaziri lilipitisha 2022 Kiswahili kifundishwe mashuleni, mkiwa mnafundisha kimetokea wapi Uganda msisahau kambi za jeshi na watu waliokizungumza humo miaka mia na zaidi. Na mtoto akisema mimi Mnubi, mwandike Mnubi muendelee na jina linalofuata.

Siku ya kuondoka nilimwachia Mpok ile gurbaba. Yeye akanipa kebaya, na akaniomba nikirudi mwezi wa 12 nimletee tabaga moja kubwa ya kuweka katikati ya meza yake, lakini akasema anataka na jina la aliyeisuka na namna ilivyosukwa, kwa sababu wageni watamuuliza. Basi nimeshanunua ukindu na rangi, shangazi yangu ambaye macho yake sio mazuri tena amekubali kuisuka polepole, binti yangu anamrekodi kwa simu kila Jumapili baada ya swala ya alasiri. Wiki hii amefika duru ya saba. Wasichana wawili wa jirani walikuja kuangalia, akawapa kila mmoja sindano.

Wako msomaji wa kila wiki,
Mama wa mitandio,
Bombo, Luweero.